Nani Atashika Nyaya

Mimi nina wivu. Nalisema mapema ili msomaji asihangaike kunitafutia neno la adabu. Mama yangu alikuwa nao pia; alimfuata baba mpaka Marikiti kuona ni nani anayempimia vitunguu. Wake ulikuwa wivu wa kawaida wa mke na mume. Wangu ulikuwa na injini ndani yake, na ndiyo maana watu hawakuuelewa.

Mume wangu, Sufyan, ni fundi wa mashine nzito za dizeli: greda, tingatinga, kreni, na zile mashine kubwa za kunyanyulia makontena. Aliponioa alikuwa akifanya kazi kwa masikio na vidole tu. Baadaye zikaingia mashine zenye kompyuta, ambazo zikiugua huandika namba. Akanunua laptopu na waya wake wa kuunganishia, akakaa nayo barazani kwetu Ndia Kuu siku nzima, akiitazama kama mgeni aliyeletwa bila kutambulishwa. Nikamwambia, lete hapa. Nilisoma kompyuta kidogo kabla ya kuolewa, na herufi ndogo hazinitishi. Tangu siku ile tukawa tunakwenda kazini wawili.

Kazi yenyewe huenda hivi. Mashine ikiwa inazimazima ovyo, mimi hupanda kwenye kiti cha dereva, buibui nimelikunja, suruali ndani, laptopu mapajani. Naunganisha, nasoma namba ya hitilafu. Namba hutaja sensa fulani, kile kidude cha kupimia kwenye injini: ya joto la maji, ya shinikizo la oili, ya hewa. Fundi mwenye haraka hukimbilia dukani kununua sensa mpya, akaifunga, na mashine ikazima tena kabla hajanawa mikono. Sufyan alikuwa akisema kwamba namba hukuonyesha anayelia, haikuonyeshi aliyempiga. Mara nyingi sensa ni nzima, na ubovu uko kwenye nyaya, mahali fulani kati ya sensa na kompyuta ya injini, ambapo shaba imekatika ndani na ngozi ya nje haina hata mkwaruzo.

Hapo ndipo panapotakiwa watu wawili. Injini inanguruma, yeye chini anazitikisa nyaya na kuzinyonga taratibu, shubiri kwa shubiri, na mimi juu naangalia kipimo kwenye skrini. Kikikaa pale pale nasema, "Kimetulia." Kikianguka ghafla nasema, "Kimeruka." Aliye chini haoni skrini na aliye juu haoni nyaya. Basi mmoja anamwamini mwenzake, na kazi inakwenda.

Watu wa Mji wa Kale walisema yao. Wifi yangu alisema mke wa mtu hapandi ngazi ya kreni wanaume wakiwa chini. Nikamwambia aje apande yeye, mimi nibaki chini nimwangalie. Maneno hayakunitoa. Nilizipenda siku zile kuliko hata siku za fungate, kwa sababu fungate kila mtu hupata, lakini ni mke gani mwingine aliyesema neno moja na mume wake akajua papo hapo vidole vyake viko juu ya nini? Nilikipenda kile kiti cha juu, na nilikuwa tayari kumng'ata mtu kwa ajili yake.

Mwaka huu, mfungo ulipokwisha, akamleta Aida.

Aida ni binti wa Tononoka. Aliolewa, akaachika, akaenda Dubai kufanya kazi kwenye mashine za bandarini, akarudi na vyeti vyake na ujuzi wake. Ni mrefu, ana mikono mikubwa, na hacheki ovyo. Uzuri wake sitausifia. Mwenye macho atajionea mwenyewe.

"Atatusaidia," Sufyan aliniambia.

"Nani aliyeomba msaada?"

Akanitazama, kisha akainama kuvaa viatu.

Kuanzia siku hiyo aliyeshika nyaya alikuwa Aida. Mimi nilibaki juu na laptopu yangu, Aida akawa chini, na Sufyan akasimama pembeni, mikono ameitia kwapani, akimwelekeza. Pole pole, alimwambia. Anza kwenye soketi. Usivute, nyonga. Yale maneno aliyajua mwenyewe kwa vidole vyake na hakuwahi kuyatamka mbele yangu, kwa sababu mimi sikuwahi kushika nyaya. Sasa yalikuwa yakitamkwa kwa upole kumpa mwanamke mwingine, na mimi nimekaa juu nikisema kimetulia, kimetulia.

Alimpa hata koleo lake dogo, lile ambalo mimi nikilisogeza tu kufuta meza alikuwa akiuliza liko wapi.

Nikaanza kumwangalia. Dalili zilikuwa nyingi mpaka nikashangaa jinsi alivyokuwa hajifichi. Aliacha sukari kwenye chai. Kila asubuhi baada ya swala akawa anatembea kwa miguu mpaka ufuoni, Mama Ngina, na kurudi, na tumbo likaanza kupungua. Na mwanamume wa umri wake hapunguzi tumbo kwa ajili ya mke aliyemzoea. Zile shati nilizompigia pasi akaziacha kabatini, akanunua fulana za kuvaa kwa kichwa, kama vijana wa Feri. Na wali akaanza kuula kwa kijiko. Nyumbani kwetu, kwenye sinia, mimi na yeye, tangu tuoane tumekula kwa mkono. Sasa akawa na kijiko chake, na mimi nikajua kijiko hicho kimetoka wapi. Dubai, wanakokula kistaarabu.

Tukitembea barabarani alikuwa na mazoea ya kunishika kiganja tukivuka. Akaacha.

Simu alizipokelea ngazini, kwa sauti ya chini. Siku moja nilisikia akisema, "La, bado sijamwambia. Nipe muda." Nikashika reli ya ngazi, nikarudi jikoni kukoroga mchuzi ambao haukuhitaji kukorogwa.

Sikumuuliza. Mtu anayesoma mashine haulizi mashine kitu, huisoma. Nilikuwa na dalili zote mbele yangu, nami nilijiona bingwa wa dalili. Jibu lilikuwa moja tu: Sufyan anaoa. Kwetu si haramu na si ajabu, na mke mkubwa huwa wa mwisho kuambiwa. Lakini mimi sikuwa naogopa kugawana chumba, wala siku. Nilichokuwa nikikiona nikifumba macho ni Aida amekaa kwenye kile kiti cha juu, laptopu mapajani, akisema kimeruka, na Sufyan chini anamwamini.

Siku yenyewe tuliitwa Shimanzi, kwenye yadi ya makontena ambayo msimamizi wake ni Zakariya, mtu wa heshima asiyependa kelele. Mashine yake ya kunyanyulia, ile yenye mkono mrefu mbele, ilikuwa ikizima kila inapobeba kontena lenye mzigo. Malori yalikuwa yamepanga foleni mpaka nje ya geti. Fundi aliyekuja kabla yetu alikuwa amebadilisha sensa, akaibadilisha tena, kisha akaacha kupokea simu.

Nikapanda, nikaunganisha. Namba ilisema shinikizo la oili limeshuka. Kompyuta ikisikia hivyo huizima injini ili isijiue. Sufyan akamwambia Aida afunge geji ya mkono moja kwa moja kwenye injini, isiyopitia nyaya wala kompyuta, na geji ikaonyesha shinikizo zuri kabisa. Basi oili ilikuwa sawa, na sensa ilikuwa mpya. Zilibaki nyaya.

Aida akaingia chini. Akaanza kwenye sensa, akaja akinyonga waya shubiri kwa shubiri, na mimi nikawa nasoma. Namba ya shinikizo ilikaa pale pale. Nasema haki ya Mungu, sikumdanganya hata mara moja. Wivu wangu haukuwahi kufika kwenye skrini. Kilichotulia nilisema kimetulia.

Alipofika nyuma ya injini akatoka, akajifuta jasho kwa mkono wa ovaroli.

"Dada Mwanakuu, tuizime kwanza," akasema. "Waya wapita kati ya fremu na bomba la moshi. Ipoe, nifungue ile bati, nishike vizuri."

"Ikipoa haitaruka," nikamjibu. "Hitilafu hii yaja na moto."

"Itaruka. Waya ukikatika, umekatika hata baridi. Ukiwasha swichi tu, nikiunyonga, utauona umeme wake ukikatika."

"Mume wangu hangojei injini ipoe. Yuwapitisha mkono hapo hapo, na bomba halimgusi."

Hilo lilikuwa kweli. Nimemwona mara nyingi. Vidole vyake vilikuwa vikisikia joto kabla ya kufika kwenye bomba, vikalizunguka, vikashika waya upande wa pili.

Aida alimgeukia Sufyan, na Sufyan akamtazama. Haukuwa mtazamo mrefu. Lakini walikuwa na jambo, wawili wao, na mimi sikuwamo. Mke huijua sura ya mumewe akiwa na siri. Ile siri ilikuwa imesimama pale kati yao mchana kweupe, mbele ya Zakariya na madereva wote.



"Hebu nambieni," nikasema kutoka juu, na sauti yangu ilifika kwenye foleni ya malori. "Mwatazamana nini? Aida, kazi hii ina mke na mume. Wewe wataka nini kati yetu? Kama wataka mume, sema, usijifiche nyuma ya nyaya."

Zakariya akaanza kuisoma simu yake. Dereva mmoja aliyekuwa akila muhogo akaacha kutafuna. Aida alivua glavu, moja, kisha ya pili, akaziweka juu ya tairi.

"Mimi sikuja kutaka mume," akasema. Sauti yake haikupanda. "Kaka Sufyan, mwambie."

Sufyan aliangalia chini.

"Mwambie," Aida akarudia. "Si haki hivi."

Nami nikaelewa kwa njia yangu. Mwambie kwamba tunaoana. Nikacheka, kicheko kibaya, hata mimi sikukipenda. Aida akachukua mkoba wake, akatoka getini, na madereva wakampisha.

"Umemaliza?" Sufyan akaniuliza.

"Sijamaliza. Ingia wewe, kama zamani. Au siku hizi huwezi kazi yeye asipokuwapo?"

Alisimama kidogo akiitazama ile injini. Halafu akavua saa, akampa Zakariya amshikie, akaukunja mkono wa fulana mpaka begani, akaingia. Aliingia ili ninyamaze. Hilo nalijua sasa. Wakati ule niliona nimeshinda.

Na nilifurahi, sitaficha. Nilifungua skrini vizuri, nikajiweka sawa kitini, nikasema "Kimetulia" kwa sauti ambayo sikuwa nimeitumia tangu Aida aje. Kutoka chini akajibu "Haya," kama zamani. "Kimetulia." "Haya." Injini ilikuwa imepata moto, kibanda kizima cha dereva kinatetemeka, na mimi nilikuwa nimerudi nyumbani kwangu.

Kisha kipimo kikaanguka mpaka sifuri, kikarudi.

"Kimeruka."

"Wapi?" akauliza.

Katika miaka yetu yote hakuwahi kuniuliza wapi. Aliye chini ndiye ajuaye wapi. Mimi ningejuaje alichokishika?

"Hapo hapo ulipo," nikamwambia. "Unyonge tena."

Kipimo kikaanguka tena, na safari hii injini ikajizima yenyewe. Yadi ikawa kimya. Katika ule ukimya nikasikia harufu. Nikadhani ni plastiki ya waya inaungua, nikafungua mlango wa kibanda, nikachungulia nyuma.

Sufyan alikuwa amepiga magoti juu ya fremu, mkono wa kulia umezama nyuma ya injini mpaka kiwiko. Uso wake ulikuwa umenielekea. Ulikuwa uso mtulivu kabisa, wa mtu anayengoja kuambiwa.

"Kimeruka?" akaniuliza.

Mgongo wa mkono wake ulikuwa umelala juu ya bomba la moshi. Ngozi ilikuwa inaungua, na yeye ananingoja mimi nimsomee kipimo.

Nilipiga ukelele. Akashtuka kwa ukelele wangu, si kwa moto. Akautoa mkono, akauangalia kama wa mtu mwingine, akaugeuza upande na upande. Zakariya alikuja mbio na mtungi wa maji. Mimi sijui nilishukaje ile ngazi.

Zahanati walimsafisha na kumfunga bandeji mpaka karibu na kiwiko. Daktari alimuuliza maumivu yako kiasi gani. Sufyan akajibu kwamba hakuna, ila bandeji inambana hapa juu, karibu na kiwiko. Daktari akaacha kuandika, akamuuliza ana sukari tangu lini. Nami nilikuwa nimekaa pale pembeni nimeshika fulana yake, nikasikia mume wangu akilijibu swali hilo bila kufikiri, kama mtu aliyekwisha kulijibu mara nyingi.

Tuliporudi Ndia Kuu tulikaa chumbani, dirisha la barabarani liko wazi, watu wanapita chini wakisalimiana.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Maradhi yalianza nyayoni, mwaka jana. Nalidhani ni viatu. Halafu yakaya vidoleni. Kwanza yalikuwa ganzi ya asubuhi tu, nikinawa nasikia mai. Sasa sisikii mai wala moto. Hata vifungo vya shati siviwezi, Mwana."

"Na wali?"

"Wali nikiushika sijui kama umepoa. Naliunguza ulimi mara nyingi, ndipo nikatafuta kijiko."

Nilishika mdomo wangu. Kijiko cha Dubai. Fulana za vijana. Chai kavu, na matembezi ya Mama Ngina. Kila kitu nilikiona, hakuna hata kimoja nilichokikosa, na kila kimoja nilikisoma kuwa mwanamke.

"Kwa nini hukunambia?"

"Ungalijua, ungalinikataza kazi. Na mimi nikitoka, wewe pia watoka. Nani atakwita peke yako? Huwezi kuwa juu na chini. Nalitaka kwanza upate mtu wa kushika nyaya, umzoee, mwelewane. Mkishaelewana, ningalikwambia, nami nikae nyumbani."

Basi hiyo ndiyo ilikuwa nafasi aliyopewa Aida. Haikuwa yangu. Sufyan alikuwa akimfundisha mtu mwingine kuwa yeye, shubiri kwa shubiri, ili kile kiti changu kisipotee, na mimi nilikuwa nimekaa juu yake nikimchukia mtu huyo kwa moyo wangu wote. Kisha nikamfukuza mbele ya watu, nikamwingiza mume wangu kwenye moto kwa mdomo wangu mwenyewe.

Nitasema jambo ambalo wanawake wenzangu hawatalipenda. Pale kitandani nilitamani angekuwa anaoa. Mke mwenza ningemweza. Ningegombana, ningerudi kwa mama, ningesemwa na wifi yangu, ningepata wa kumlaani. Nilimtazama akijaribu kushika kikombe kwa mkono mmoja huku macho yake yakikifuata kwa makini, kwa sababu vidole haviwezi kumwambia kama amekishika, na hapakuwa na mtu wa kumchukia.

Kesho yake nilioka mkate wa sinia, nikaufunika kawa, nikaenda Tononoka. Sijazoea kuomba radhi, na njiani nilijipanga maneno kama mtoto anayekwenda kusoma mbele ya ustadhi. Nikapiga hodi. Aida mwenyewe alifungua, kanga kichwani, akasimama mlangoni kidogo kabla ya kunikaribisha.

Nilimwamkia, akaitikia. Nilipoketi nikaona hakuna faida ya kuzunguka.

"Nimekuja kukutaka radhi," nikasema. "Nalikutusi mbele ya wanaume, na hukuwa na kosa."

"Yashapita."

"Hayajapita. Mashine bado imelala yadini, na Sufyan ameungua mkono. Aliingia mwenyewe ulipoondoka. Mimi ndiye niliyemwingiza."

Akaketi. "Vibaya?"

"Atapona. Hakusikia kitu, alikuwa ameegemeza mkono kwenye bomba."

"Hapo hawezi kusikia," akasema, na nikaona uso wake ukibadilika, kama aliyetamani neno lirudi.

"Wajuaje?"

Nikamuuliza tena, taratibu.

"Aliniambia siku ya kwanza," akasema. "Alikuja hapa kuniomba nifanye kazi nanyi. Mimi nikamwambia sitashika nyaya za fundi mzima bila kujua kwa nini hazishiki mwenyewe. Ndipo akaniambia. Nikataka kujua ni kiasi gani, nisije nikamwachia kushika kitu kikamdhuru. Mjomba wangu alikuwapo, amekaa hapo ulipokaa wewe. Nikamwambia afumbe mato. Nikachukua sindano, nikawa namgusa kidogo kidogo, kuanzia kwenye kucha kurudi nyuma, naye aseme akisikia."

Nikaijua kazi ile. Mmoja anagusa, mmoja anasema, na yule asiyeona anamwamini mwenzake. Ilikuwa kazi yetu. Sufyan alifumba macho katika nyumba ya watu, akaifanya na mtu mwingine, kwa mkono wake mwenyewe, miezi kabla mke wake hajajua kwamba mkono una ubovu.

Wivu ule wa mwanzo, wa fulana na kijiko, ulikuwa wa kujitengenezea. Huu ulikuwa wa haki yangu. Ningeweza kumpiga yule mwanamke. Ningeweza pia kumpigia magoti, maana yeye alikuwa na kitu ambacho mimi sikuwa nacho, na nilikihitaji.

"Panaishia wapi?" nikamuuliza.

"Nini?"

"Ganzi. Yaishia wapi?"

Aida akaunyosha mkono wake wa kushoto mbele yangu, kiganja juu. Kwa ukucha wa kidole gumba cha mkono wa pili akachora mstari, taratibu, vidole vitatu juu ya kifundo.

"Mpaka hapa hana," akasema. "Mikono yote miwili. Kuanzia hapa kwenda juu, yuwasikia."

Nikautazama ule mstari mpaka ukafifia kwenye ngozi yake.

Nilipoinuka nilimwambia kesho asubuhi tukutane Shimanzi, na kwamba injini itakuwa baridi, hakuna atakayeiwasha mpaka aseme yeye. Nikamwambia pia kuwa kwa matusi yangu nimeomba radhi, lakini kwa habari ya sindano bado nina hasira naye, na zitanichukua muda.

"Hasira ndoo nazo, zilete kesho," Aida akasema. "Muradi kipimo unisomee kweli."

"Sijawahi kusoma uongo," nikamjibu, naye akatikisa kichwa kukubali.

Nilifika nyumbani baada ya alasiri. Sufyan alikuwa amelala, mkono wa kulia na bandeji yake umewekwa juu ya mto, wa kushoto uko wazi kwenye shuka. Nikaketi ukingoni mwa kitanda bila kuvua buibui. Nikavichukua vidole vyake, nikavishika kwa nguvu zangu zote. Vilikuwa vya moto, vizito, na aliendelea kulala. Nikavishika muda mrefu, nikamwambia mambo ambayo sitayaandika hapa, na pumzi zake hazikubadilika. Kisha nikaupandisha mkono wangu pole pole, nikapita kiganja, nikapita kifundo, nikahesabu vidole vitatu, nikabonyeza.

Akafumbua macho, akaniuliza kama ndiyo kwanza nafika.